Video ya apu yako App Store na Play Store: jua vipimo kabla hujabonyeza rekodi

Wadau wa Mbeya, Iringa, Njombe na wengine wote wa huku Nyanda za Juu mnaotengeneza apu, hii nimeiandika kwa ajili yenu maana naona kitu kilekile kinajirudia. Mtu anakaa miezi anaandika programu yake, apu inatoka safi kabisa, afu ile video ndogo ya kuonyesha apu dukani anaifanya usiku wa mwisho kwa haraka haraka, anaipandisha, inakataliwa, anaibadilisha kidogo, inakataliwa tena na haelewi kwa nini. Sababu karibu kila mara ni moja, alirekodi kwanza ndo akaja kutafuta vipimo baadae. Geuza hiyo. Vipimo kwanza, kurekodi baadae, na kazi nzima unaimaliza siku moja na bando lako linabaki.

Katika maelezo yote nitatumia mfano mmoja ili tuelewane: tuseme umetengeneza apu ya wakulima wa parachichi Rungwe, mkulima anapeleka mzigo kituo cha kukusanyia, unapimwa, kilo zinaingia kwenye simu, na yeye anaona mzigo wake umefikia wapi na malipo yameingia au bado. Ya kwako inaweza ikawa ya bodaboda wa Mwanjelwa au ya kikundi cha VICOBA, haijalishi, njia ni ileile.

Cha kwanza elewa kwamba haya maduka mawili hayafanani kabisa. Apple anataka umpe faili lenyewe la video, unalipandisha kwenye App Store Connect, yani tovuti yake ya kusimamia apu, na mashine yake inalipima pikseli kwa pikseli. Google hataki faili, yeye anataka linki ya YouTube tu unaiweka kwenye Play Console, yani tovuti yake ya kusimamia apu. Kwa hiyo ukifanya video moja ukategemea ikae sehemu zote mbili utaumia, panga kabisa kwamba unatoa matoleo mawili kutoka kwenye rekodi zako, na kwa Apple rekodi lazima ziwe za iPhone maana ukimpelekea skrini ya Android hapokei, ana sharti kabisa la kutoonyesha mifumo mingine ya simu ndani ya duka lake.

Tuanze na Apple maana ndo mgumu.

Video iwe na urefu wa sekunde 15 mpaka 30. Sekunde 14 haipiti na 31 haipiti. Unaruhusiwa video mpaka 3 kwa kila saizi ya kifaa na kila lugha uliyoweka, ila kwa maoni yangu moja nzuri inatosha, mbili zilizobaki weka kama kweli apu ina mambo tofauti ya kuonyesha. Faili lisizidi MB 500, na liwe la aina ya mov, m4v au mp4. Kodeki, yani namna video inavyobanwa ndani ya faili, ni H.264 au ProRes 422 HQ, basi, hamna nyingine. Hapa ndo wengi wanapokwama bila kujua, maana vifaa vya siku hizi vinapenda kutoa HEVC, ambayo ni kodeki nyingine, video inacheza vizuri kwenye simu yako na kwenye laptop yako, ila ukiipandisha inagoma.

Kati ya hizo mbili nakushauri H.264 bila kufikiria mara mbili. Piga hesabu mwenyewe: Apple anataka bitreti ya H.264, yani wingi wa data kwa kila sekunde ya video, iwe kati ya megabiti 10 na 12 kwa sekunde, sasa megabiti 12 mara sekunde 30 ni megabiti 360, gawa kwa 8 unapata kama MB 45. Hiyo unaipandisha hata kwa laini ya simu ukiwa Tukuyu. ProRes yenyewe inakwenda kwenye megabiti kama 220 kwa sekunde, sekunde 30 zinaweza kukufikisha MB 825, yani umeshapita kikomo cha MB 500 kabla hata hujaanza kupandisha, na bando limekata. ProRes waachie wenye intaneti ya ofisini na video fupi.

Fremu, yani zile picha moja moja zinazounda video, zisizidi 30 kwa sekunde. Hii nayo ni ya kushika sana kwa sababu iPhone ikirekodi skrini yake yenyewe mara nyingi inatoa fremu mpaka 60, na hazitulii, zinapanda na kushuka kutegemea skrini inafanya nini. Ukiichukua hivyo hivyo unapata makosa, au inapita lakini sauti na picha zinaachana kidogo kidogo mpaka mwisho wa video. Lazima uishushe iwe 30 iliyotulia. Nitaonyesha chini.

Afu pikseli. Kwa iPhone za sasa zenye skrini ndefu, video inatakiwa iwe 886 kwa 1920 ikiwa imesimama, au 1920 kwa 886 ikiwa imelala. Watu wanashangaa hii namba 886, wanasema mbona simu yangu inarekodi kubwa zaidi. Ndio, iPhone yenye skrini ya pikseli 1290 kwa 2796 inarekodi kubwa, ila Apple anataka uipunguze wewe mwenyewe ifike 886 kwa 1920, na ukigawa utaona uwiano ni karibu uleule kabisa, kwa hiyo haikatwi wala haivutwi. Ila iPhone ya 1170 kwa 2532 uwiano wake umepishana kidogo sana, ukipunguza urefu uwe 1920 upana unatoka kama 887 na kitu, na hiyo pikseli moja iliyozidi inatosha kukukatalia video. Dawa yake ni kupunguza kisha kukata kile kinachozidi pembeni, jicho halitaona chochote. Simu za zamani zenye kitufe cha duara za inchi 5.5 ni 1080 kwa 1920, za inchi 4.7 ni 750 kwa 1334. iPad kubwa ni 1200 kwa 1600. Kama muonekano wa apu ni uleule kwenye iPhone zote, tengeneza ya saizi kubwa tu, Apple anaishusha mwenyewe kwa simu ndogo. iPad inataka video yake, na usichukue video ya iPhone ukaivuta ijae iPad, inaonekana mbaya.

Sauti: stereo, AAC ya kilobiti 256, sampuli 44.1 au 48 kHz. Sasa sikiliza hii vizuri. Hata kama video yako haina sauti yoyote, faili liwe na njia ya sauti ndani yake. Faili lisilo na njia ya sauti kabisa linaweza kukutolea ujumbe kwamba sauti haikubaliki au imeharibika, na mtu anabaki kujiuliza sauti gani wakati hajaweka sauti. Ndo hiyo hiyo uliyoacha kuweka. Weka ukimya wa kweli, yani njia ya stereo iliyo kimya, na mambo yanaisha.

Hayo ndo ya mashine. Kuna ya binadamu anayekagua, nayo yanakwamisha watu vilevile.

Apple anataka video iwe rekodi ya skrini ya apu yenyewe. Usimchukue video dada akiwa shambani Rungwe ameshika simu huku anacheka, wala kidole kinachogusa kioo, wala kamera ikichungulia juu ya bega la mtu. Unaruhusiwa kuweka maandishi juu ya picha, sauti ya kusimulia, na viduara vya kuonyesha mguso ulipotokea. Kwa kweli mimi hili sharti nalipenda kabisa, maana linamlinda mtu anayepakua, anaona kile atakachokikuta. Apu nzuri haihitaji tangazo la shamba la kijani, inahitaji mtu aone kilo zikiingia.

Usiweke bei kwenye video, kwa sababu bei inatofautiana nchi na nchi na inabadilika. Usiweke mambo ya msimu kama Nane Nane au mwaka mpya, maana video itakaa hapo miezi na msimu utapita. Kama kuna kitu cha kulipia ndani ya apu na umekionyesha, sema kwa maandishi kwamba kinalipiwa. Na video iwe ya kufaa kuangaliwa na mtoto wa miaka 4, hata kama apu yenyewe ni ya watu wazima.

Halafu kuhusu data inayoonekana kwenye skrini, hapa naomba tuwe makini kweli kweli. Nimeona watu wanarekodi apu ikiwa na majina halisi ya wateja, namba za simu halisi, na kiasi halisi mtu alicholipwa. Hiyo sio ya kuchukulia poa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kama isingekuwepo, yule mama wa Tukuyu hajakupa ruhusa dunia nzima ijue alilipwa shilingi ngapi. Tengeneza akaunti ya mfano kabla ya kurekodi, weka majina ya kubuni lakini yanayoaminika, Mama Tumaini, kilo 120, kituo cha kwanza, mzigo umepokelewa. Ijaze vizuri, isiwe na mstari mmoja tu, apu yenye orodha tupu inaonekana imekufa. Na pesa kwenye data ya mfano ziwe za kueleweka, sio 99999999 au maneno ya majaribio uliyoyaandika wakati unatafuta makosa.

Sasa kurekodi. Safisha simu kwanza. Weka hali ya Usisumbue, maana kuna ule ujumbe wa muamala unaoshuka juu ya skrini katikati ya rekodi ukiwa na jina la aliyekutumia hela na salio lako lote, na ukiona umeshuka usijidanganye utaukata kwenye kuediti, rekodi upya. Chaji iwe imejaa, mtandao umejaa, saa iwe ileile kwenye vipande vyote, kwa sababu ukiunganisha kipande cha saa 3 asubuhi na cha saa 10 jioni mtu anaona saa inaruka juu kabisa ya skrini.

Kama una Mac na unatumia simuleta ya Xcode, yani iPhone ya kuigiza ndani ya kompyuta, sehemu ya juu ya skrini unaipanga kwa mstari mmoja na kurekodi kwa mstari wa pili:

xcrun simctl status_bar booted override --time 9:41 --batteryLevel 100
xcrun simctl io booted recordVideo --codec=h264 onyesho.mp4

Hilo neno la h264 usiliache, ukiliacha simuleta inaweza kukupa HEVC na tumeshaona HEVC inakupeleka wapi. Ukimaliza kurekodi unabonyeza Control na C kwa pamoja. Sauti hairekodiwi hapo, utaiweka baadae. Kama una iPhone yenyewe na Mac, ichomeke kwa waya, fungua QuickTime, chagua kurekodi filamu, kwenye kamera chagua iPhone yako. Kama huna Mac basi tumia kirekodi cha iPhone chenyewe kilichopo kwenye Kituo cha Udhibiti (Control Center), kinatosha kabisa, faili utalirekebisha kwenye kompyuta yoyote hata ya Windows au Linux.

Kwa Android upande wa Play Store unaweza kutumia kirekodi cha simu, au ukichomeka waya na kuwasha hali ya msanidi, tumia adb, programu ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta:

adb shell settings put global sysui_demo_allowed 1
adb shell am broadcast -a com.android.systemui.demo -e command clock -e hhmm 0900
adb shell am broadcast -a com.android.systemui.demo -e command notifications -e visible false
adb shell screenrecord /sdcard/onyesho.mp4

Mistari ya mwanzo inasafisha juu ya skrini, saa inakaa saa 3 asubuhi na alama za taarifa zinapotea. Kuna simu za kampuni nyingine hazitii hayo, usigombane nazo, azima simu nyingine. Kurekodi kwa njia hii kwa kawaida kunajikata kukifika dakika 3, ambayo ni nyingi kuliko unavyohitaji, na nako hakushiki sauti.

Rekodi vipande vifupi, usirekodi safari nzima kwa mkupuo. Kipande cha kupima mzigo peke yake, cha orodha peke yake, cha malipo peke yake. Vidole viende polepole kuliko ulivyozoea, wewe apu unaijua kwa kichwa, anayeangalia ndo anaiona mara ya kwanza, ukiteleza haraka haelewi kimetokea nini. Acha kila skrini itulie kidogo kabla hujagusa kinachofuata.

Kwenye kupanga vipande, jambo linaloamua kila kitu ni kwamba video inajicheza yenyewe dukani na inacheza bila sauti. Mtu anateleza kwenye matokeo ya utafutaji, video yako inaanza kimya kimya, ana sekunde chache tu za kuamua. Kwa hiyo nembo inayozunguka kwa sekunde 4 mwanzoni ni hasara tupu. Kwa apu yetu ya parachichi ningefanya hivi: sekunde ya 0 kabisa tunaona mizani imeshaandika kilo 120 na kitufe cha kuhifadhi kinaguswa, maandishi makubwa juu yanasema "Kilo zako, hapo hapo". Kwenye sekunde ya 4 au ya 5 tunaona orodha ya mizigo ya Mama Tumaini imejaa. Kuanzia ya 9 mzigo unafuatiliwa, umetoka kituoni, umefika ghalani. Kwenye ya 16 ujumbe wa malipo yameingia. Kwenye ya 21 risiti, inakaa, mwisho kwenye ya 25. Hamna haja ya kufika 30 kwa lazima.

Kwa nini nimesema sekunde ya 5 iwe na orodha iliyojaa? Kwa sababu Apple asipoambiwa vingine anachukua fremu ya sekunde ya 5 kuwa picha ya kusimama, ile inayoonekana video ikiwa haichezi. Na kuna watu wengi tu wa kuizingatia hiyo picha, maana iPhone ina sehemu ya kuzima video zisijicheze App Store, au zijicheze kwenye Wi-Fi tu, na mtu anayebana bando ana kila sababu ya kuzima. Huyo ataiona hiyo fremu moja tu. Unaweza kuibadilisha ndani ya App Store Connect ukachagua fremu nyingine, ila ikiwa sekunde ya 5 ni katikati ya skrini mbili zinazopishana na umesahau kuibadilisha, hiyo takataka ndo itakuwa sura ya apu yako.

Maandishi yawe makubwa na machache, maneno matatu manne, rangi inayoonekana juani. Yakae sekunde 2 au zaidi. Usiyaweke chini kabisa au juu kabisa.

Muziki. Najua kishawishi cha kuweka ngoma ya Bongo Fleva inayotamba ni kikubwa, usiweke bila kibali cha maandishi cha mwenye nayo. Kwa Apple lazima uwe na haki ya kutumia muziki huo kwenye kila nchi apu inapopatikana. Kwa Google kuna hatari nyingine ambayo watu hawaijui: video ikiwa YouTube na ina wimbo wa mtu, mfumo wa Content ID unaweza kuutambua, mwenye wimbo akaamua kuweka matangazo kwenye video yako, na Google hataki matangazo kwenye video ya Play Store. Yani wimbo wa mtu unakuharibia video bila wewe kugusa kitu. Suluhisho zuri kwa huku kwetu ni kwenda studio ya mtaani, wapo vijana wana mikono mizuri sana Mbeya na Iringa, wakutengenezee biti ya sekunde 30, umlipe, muandikishane kwenye karatasi kwamba unaitumia kwenye video za apu popote. Kijana amepata hela na wewe umelala salama. Biti za kwenye programu za kuhariri kwenye simu nazo usizichukue bila kusoma masharti, nyingi zina mipaka yake ya matumizi ya kibiashara.

Kuunganisha vipande unaweza kutumia chochote, CapCut, DaVinci Resolve, iMovie. Kama ni CapCut angalia kile kipande cha nembo kinachojiweka mwishoni, kifute. Na programu nyingi za simu hazikupi 886 kwa 1920 kamili, kwa hiyo usihangaike nazo kwenye vipimo, toa video yako kwa ubora wa juu kisha umalizie na FFmpeg, programu ya kurekebisha video kwa kuandika amri, ambayo ni ya bure na inakaa kwenye kompyuta yoyote. Mstari huu ndo moyo wa kazi yote, wa video yenye biti (kata.mp4 ni video uliyounganisha, biti.wav ni muziki wako):

ffmpeg -i kata.mp4 -i biti.wav -map 0:v -map 1:a -vf "scale=886:1920:force_original_aspect_ratio=increase,crop=886:1920,fps=30,setsar=1" -c:v libx264 -profile:v high -level 4.0 -pix_fmt yuv420p -b:v 11M -maxrate 12M -bufsize 24M -c:a aac -b:a 256k -ar 48000 -ac 2 -shortest -movflags +faststart apple.mp4

Na kama hutaki muziki, mahali pa biti weka ukimya:

ffmpeg -i kata.mp4 -f lavfi -i anullsrc=channel_layout=stereo:sample_rate=48000 -map 0:v -map 1:a

afu endelea na mengine yote yaleyale kuanzia -vf. Ile scale na crop ndo inapunguza video na kukata ile pikseli inayozidi. fps=30 inatuliza fremu. Ile level 4.0 iweke, Apple anaishia hapo kwa H.264. yuv420p nayo usiitoe hata kama huijui, bila hiyo baadhi ya rekodi zinatoka na rangi za aina ambayo wengine hawawezi kuzisoma.

Kabla hujapandisha, kagua faili lenyewe, usiamini macho:

ffprobe -v error -show_entries stream=codec_name,width,height,r_frame_rate,sample_rate,channels -of default=nw=1 apple.mp4

Unatakiwa uone h264, 886, 1920, 30/1, aac, 48000 na 2. Na urefu angalia kwenye kicheza video, uwe ndani ya 15 na 30. Huo ukaguzi hauchukui hata dakika na unakuokolea kupandisha mara mbili. Ukishapandisha, Apple anaweza kuchukua mpaka saa 24 kuichakata, kwa hiyo ukiona picha ya kijivu haijabadilika usifute ukaanza upya, subiri. Na ujue pia kwamba toleo la apu likishatoka, kubadilisha video kunasubiri ufungue toleo jipya, ndo maana nasema usiifanye usiku wa mwisho.

Google sasa. Ni mwepesi kwa faili ila ana masharti ya linki. Video uipandishe kwenye chaneli yako ya YouTube, iwe ya wazi au isiyoorodheshwa, isiwe ya faragha. Isiwe na kizuizi cha umri. Iruhusiwe kuchezwa nje ya YouTube. Matangazo yazimwe, yani usiiwekee mapato. Linki iwe ya video moja, sio ya chaneli wala ya orodha ya video, na isiwe na ile mikia ya kuanzia sekunde fulani, wala linki iliyofupishwa, chukua ile ndefu yenye watch?v= na uishie kwenye zile herufi na namba za video zinazofuata.

Play Store inacheza mpaka sekunde 30 za mwanzo, kimya, kwa hiyo hata kama video yako ni ya dakika moja na nusu, kila cha maana kiwe ndani ya hizo 30. Google anashauri angalau asilimia 80 ya video iwe ni kile mtumiaji atakachokutana nacho ndani ya apu. Maneno kama "namba moja", "bora kuliko zote" na "pakua sasa" yaache. Vidole na mikono navyo hataki, isipokuwa kama mchezo wenyewe unachezewa nje ya simu.

Kwa Play Store mimi napendelea video iliyolala, 1920 kwa 1080, kwa sababu ndo inakaa vizuri kwenye kicheza cha YouTube. Apu yako ikiwa ya kusimama usiivute, iweke katikati na pembeni weka rangi ya apu yako:

ffmpeg -i kata_android.mp4 -vf "scale=-2:1080,pad=1920:1080:(ow-iw)/2:0:color=0x1F5C3A,fps=30" -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -crf 18 play.mp4

Nafasi inayobaki kushoto na kulia ni ya maandishi, na hapo unaweza kuandika makubwa zaidi kuliko kwenye ile ya Apple. Maelezo ya duka la Google yanakubali Kiswahili kama lugha kamili, kwa hiyo ukurasa wa Kiswahili unaupa linki ya video yenye maandishi ya Kiswahili, na ule wa Kiingereza unaupa nyingine. Fanya hivyo. Mkulima wa Rungwe akikuta video inaongea naye kwa lugha yake anajua imetengenezwa kwa ajili yake.

Kitu ambacho wengi wanakisahau kabisa ni ile picha ya pikseli 1024 kwa 500, JPEG au PNG isiyo na uwazi. Hiyo ndo inakuwa jalada la video yako Play Store, na juu yake Google anaweka kitufe cha kucheza katikati. Kwa hiyo katikati usiweke nembo wala jina la apu, litafunikwa na kitufe. Weka kitu muhimu pembeni kidogo lakini sio ukingoni kabisa, maana kingo zinaweza kukatwa kwenye baadhi ya simu.

Na YouTube hairuhusu kubadilisha faili ndani ya linki ileile. Ukipandisha toleo lililorekebishwa unapata linki mpya, lazima uirudishe Play Console mwenyewe na uhifadhi, na ile ya zamani usiifute mpaka mpya imeshaonekana dukani, la sivyo ukurasa wako unabaki na video iliyokufa. Kabla ya kuhifadhi, fungua linki kwenye kivinjari ambacho hujaingia na akaunti yoyote, ikiwezekana kwenye simu ya mtu mwingine kabisa. Ikicheza moja kwa moja, bila tangazo, bila kuulizwa umri na bila kuambiwa ni ya faragha, ihifadhi.